Maji ya Bibi Harusi

Yamna binti Faraji hakuwahi kumiliki ardhi hata ya kumzikia paka. Alichomiliki ni maji. Ukishangaa, basi hujakaa Tinuzra, kijiji chetu cha jangwani. Kwetu mchanga hautakiwi na mtu, uko mwingi hadi nchi ya Mali. Maji ndiyo watu hurithishana, ndiyo huuza, ndiyo huwekea wakfu wazazi wao waliokufa, na ndiyo ndugu huacha kusemezana kwa ajili yake.

Maji yetu huja kwa fogara, handaki refu chini ya jangwa, linaloteremka polepole kutoka kwenye maji ya chini mpaka bustanini. Waliolichimba ni mababu zetu, wakiwa watumwa wa watu. Mikono ilikuwa yetu, maji ya mabwana. Lakini ilikuwapo desturi moja ya haki: mtu akirefusha handaki kwa jembe lake mwenyewe, sehemu ya maji yatakayoongezeka ni yake. Faraji, babake Yamna, alizaliwa huru na akaishika desturi ile kama ilivyosema. Kila alfajiri alishuka kwa kamba kwenye kisima cha kuingilia handakini, akapanda jua likishakolea, udongo umemjaa mpaka kwenye kope. Alikohoa tangu Yamna anamjua. Na maisha yake yote ya kuchimba yalimpatia tundu moja, upana wa kidole, kwenye kile kichana cha mawe kinachogawa maji ya kijiji penye mdomo wa handaki.

Tundu hilo alimpa binti yake siku alipoolewa.

"Wenzako wanapewa dhahabu," alimwambia. "Mimi nimekupa kitu ambacho mumeo hawezi kukiweka rehani."

Tena harusi ile ilikuwa harusi! Kwetu msichana akiolewa, wanaume huziba handaki kwa udongo wa mfinyanzi siku chache kabla, maji yakajikusanya kule ndani. Bibi harusi akitolewa nje, wanazibua. Maji yanakuja mbio, yanafurika mifereji, yanapita mbele ya mlango wake watoto wakirukaruka ndani yake. Hatumtoi mtoto wa watu nyumbani kwao na mfereji unaodondoka kama pua ya mwenye mafua. Yamna alipitishwa juu ya maji yale, akachovya mguu wenye hina, na babake aliyekuwa hajui kucheza akacheza.

Mumewe, Salem, alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Wahrani, kaskazini kabisa, akamchukua huko. Walikaa ghorofani. Bomba lilikuwamo jikoni, ukilifungua linatoa, ukilifunga linanyamaza, na Yamna hakulizoea mpaka mwisho. Bahari nayo ilimchosha. Maji yote yale, na hata mnanaa huwezi kumwagilia! Kila mtu wa Tinuzra aliyefika mjini kuuza tende au kutibiwa, kabla hajavua viatu, aliulizwa swali moja.

"Maji yangu hayajambo?"

"Hayajambo, yanakusalimu," walimjibu, wakicheka.

Yeye hakucheka. Aliwataka wamweleze: yanafika kwenye mtende wa baba? Yanazunguka lile jiwe jekundu? Anayeyakodi anasafisha mfereji au anaacha majani yaoze humo? Salem alikuwa akimtania mbele ya wageni, "Nilioa mke mmoja, kumbe ana mume mwenza, na mume mwenyewe ni mfereji." Alizaa, akalea, akaozesha, akazeeka, na usiku akikosa usingizi aliusikia ule mlio mdogo wa maji yakipita kwenye tundu la baba. Jamani, kuna watu hukumbuka nyumbani kwa chakula, wengine kwa nyimbo. Yamna alikumbuka kwa sikio.

Salem alipofariki, watoto walimwambia mama baki nasi. Akafunga sanduku lake.

"Nimefuata maji yangu," alimwambia kila aliyemuuliza njiani.

Akayakuta yanakufa.

Nyuma ya vilima vya mchanga, kampuni moja kubwa, tuliyoiita Kampuni tu, ilikuwa imepewa ardhi ya kulima ngano. Kutoka juu ya paa ungeona miduara ya kijani mikubwa kupita kijiji kizima, na mashine za kuvuta maji zikinguruma mchana kutwa. Wala sitasema hatukupata kitu, maana kusema uongo ni dhambi. Tulipata barabara. Tulipata umeme. Vijana wetu kadhaa walipata kazi ya kulinda lango, sare na kofia juu. Lakini kadiri ngano ilivyopanda, ndivyo maji yalivyoshuka kwenye kichana, na tundu la Faraji, kwa kuwa lilitobolewa juu kuliko mengine, ndilo lililotangulia kukauka. Yamna alitia kidole tunduni, kikatoka na vumbi. Mtende wa babake, wa mwisho uliobaki, ulikuwa umeanza kuinamisha makuti. Kwetu mtende ukikauka kichwa haurudi tena.

Yeye ndiye aliyetusukuma twende mahakamani. Alimtafuta wakili huko mjini Adrar, msichana mmoja aitwaye Suad, mwembamba kama sindano na mkali vilevile. Suad alituketisha, akatueleza. Sheria inasema maji ya chini ya ardhi ni mali ya taifa zima. Sheria hiyohiyo inasema haki za fogara za kale zilindwe. "Kwa hiyo hatuendi kulia kule," akasema. "Mahakama haitaki machozi, inataka kipimo."

Sasa siku ya kesi, wakili wa Kampuni akasimama na tai yake, akasema fogara ya Tinuzra haiuawi na mtu. Inakufa kwa uvivu wa wenyewe. Vijana wamekimbilia mijini, handaki limejaa mchanga, hakuna anayeshuka kulizibua. Hakimu akaamuru mtaalamu aje apime maji na kukagua.

Wavivu! Sisi! Neno lile lilituwasha mwilini kuliko upupu. Barka, binamu yake Yamna na msimamizi wa fogara, alirudi kijijini mishipa ya shingo imemtoka. Kesho yake akapiga ngoma ya msaragambo, kuwaita wote kwenye kazi ya pamoja. Walishuka wazee wenye magoti mabovu, wakashuka walinzi wa Kampuni wenyewe siku yao ya mapumziko, na sare zao wamezikunja pembeni. Handaki likafagiliwa mpaka ungeweza kula chakula ndani yake. Na laiti wangekomea hapo! Maji yaliongezeka kidogo tu, tundu la Faraji likabaki kavu. Hiyo ingetosha kuwa jibu. Lakini Barka akatazama kichana, akaona aibu. Mgeni wa serikali anakuja, tumpokee na mfereji unaodondoka? Wanaume wakanong'onezana. Wakaziba handaki.

Yamna hakuambiwa. Asubuhi ya ugeni alikuwa anasuuza vikombe vya chai aliposikia maji yakija. Kikombe kikamtoka mkononi. Alitoka mbio bila viatu, mwanamke mwenye wajukuu, akashika njia ya bustanini, na hapo akayaona yanakuja: yakazunguka jiwe jekundu, yakasukuma majani makavu mbele yake, yakaingia kwenye shina la mtende wa Faraji na kuanza kunywewa. Akakaa chini. Akatia miguu. Baridi ile ikampanda mpaka kifuani, akalia kwa furaha, analia na kucheka, anasema, "Baba, yamekuja. Baba, yamekuja."

Kisha akainama. Aliyatazama vizuri. Maji ya fogara huja taratibu, mchana na usiku sawasawa. Haya yalikuwa na haraka. Haya aliyajua, aliwahi kuchovya mguu wenye hina ndani yake.

Alipofika kwenye kichana, mtaalamu wa mahakama, Injinia Merzugi, alikuwa amekwisha kupima. Alikuwa mtu mzima, mpole, suruali ameipandisha mpaka magotini. Pembeni kijana wa Kampuni mwenye miwani ya jua alikuwa anatabasamu kama aliyeokota pochi. Suad hakuwapo, alishikwa na kesi nyingine. Barka alisimama kifua mbele.

"Mashallah," injinia akasema. "Maji haya ni mengi. Hata tundu hili la juu linatoa. Sasa ndugu zangu, mlilalamika nini?"

Ndipo uso wa Barka ulipobadilika. Tulijipalia makaa wenyewe, naye akaanza kusikia moto.

Yamna akajaribu kwanza njia ya heshima. "Bwana injinia, mgeni haondoki kwetu siku aliyofika. Utakula, utalala, kesho utapima tena."

"Nashukuru mama, lakini gari linanisubiri."

"Kuskusi liko motoni."

"Mwenyezi Mungu akubariki. Siku nyingine."

Akaanza kukunjua miguu ya suruali. Barka alimwona Yamna anavuta pumzi, akamkamata mkono. "Dada, nyamaza," akamwambia chini kwa chini. "Utatuvua nguo mbele za watu."

"Mficha uchi hazai, Barka."

"Watasema tumedanganya mahakama! Yamna, yatazame. Yanakwenda kwenye mtende wa mjomba. Si ndiyo uliyokuwa unayalilia?"

Hapo alimpata. Maana alikuwa anayasikia. Yalikuwa yanapita kwenye tundu la babake kwa mlio uleule aliokaa nao Wahrani miaka yote, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, yaendelee kusema hata kwa siku moja. Nani angemlaumu? Nilikuwapo pale, na nasema kweli, mimi ningenyamaza.

"Bwana injinia," akasema kwa sauti, "haya ni maji ya bibi harusi."

Injinia akageuka. "Bibi harusi yupi? Leo kuna ndoa?"

"Hakuna. Ndoa ilikuwa yangu, zamani." Akamweleza yote, udongo wa mfinyanzi, kuziba na kuzibua, bila kumtaja mtu. "Hawakufanya hivi kukudanganya. Walifanya kwa kuwa u mgeni. Waliitwa wavivu, wakaona haya kukupa mfereji mkavu. Ukiondoka sasa utaandika ulichokiona, na ulichokiona ni heshima tu. Maji yetu bado hujayaona."

Kijana wa Kampuni akaangua kicheko. "Sasa umesikia mwenyewe! Wadanganyifu hawa!"

"Mwanangu," Yamna akamjibu, "kama ningekuwa mdanganyifu ningekuwa nimekaa kimya kama wewe ulivyokaa ulipoyaona yanafurika. Au hukushangaa?"

Injinia akamtazama yule kijana, akamtazama Yamna. Akaketi kwenye jiwe, akaanza kupandisha suruali tena.

"Hilo kuskusi," akasema, "lina nyama?"

Alilala kwa Barka. Barka alimhudumia vizuri na kwa Yamna hakutupa hata jicho. Yamna alirudi bustanini kwake, akakaa chini ya mtende mpaka jua lilipozama. Hakuna jambo lililowahi kumwuma kama lile. Tangu arudi alikuwa anaomba kila sala, Mola yalete maji yangu. Sasa yako hapa, yanalowesha pindo la gauni lake, na yeye anatakiwa aombe yaondoke. Alijaribu kuomba, ulimi ukakataa. Mwishowe akasema tu, "Wewe unajua," akafumba macho akayasikiliza.

Kulipopambazuka, mfereji ulikuwa umenyamaza. Tope lilikuwa bado linang'aa, na ndege wawili wanachokora ndani yake. Penye kichana, injinia aliinama kwenye matundu moja baada ya jingine na kipimo chake. Yale ya chini yalidondosha. Kwenye tundu la Faraji akatia kidole, akakitoa, akakitazama. Kisha akashuka handakini kwa kamba, akakaa huko kitambo kirefu, akapanda udongo umemjaa kwenye kope.

"Handaki ni safi," akasema. "Safi kuliko nyumba yangu. Maji ndiyo hayapo." Akaandika, na kijana wa Kampuni hakucheka tena.

Gari lilipoondoka, watu walimzunguka Yamna, mmoja akapiga kigelegele. Suad aliposikia kwa simu alipiga kelele mpaka tukaitenga simu na masikio. Hukumu ilikuwa bado mbele, na mawakili wa Kampuni hawakuwa watoto, lakini kwa mara ya kwanza tulikuwa na kipimo mkononi.

Yamna hakuwapo kwenye shangwe ile kwa muda mrefu. Barka alimkuta bustanini amekaa kwenye ukingo wa mfereji, miguu imo ndani palepale ilipokuwa jana, kwenye tope linaloanza kupasuka. Akasimama kwanza, maana mwenye kinyongo hakai haraka. Kisha akakaa.

"Unalia nini sasa, dada? Si umeshinda?"

"Mahakama ilitaka kipimo," Yamna akasema. "Mimi nilitaka maji, Barka."

Barka alivua viatu, akatia miguu yake kwenye tope karibu na ya binamu yake, wakakaa hivyo mpaka jua lilipokuwa kali.