Kamera ya Kwenye Gazeti

Kamera ile tuliijadili sana kabla hata mmoja wetu hajaishika. Tuliijua kwa picha tu, kwenye gazeti la wapiga picha ambalo mwenye duka la vifaa vya umeme alirudi nalo kutoka Dubai. Biashara ilikuwa imeachiwa huria kitambo, na hapo Singida mjini ukitaka redio, video au filamu za rangi, ni wewe na mfuko wako. Lakini kamera isiyotumia filamu? Hiyo ilikuwa habari.

Benchi letu lilikuwa nje ya studio ya baba mdogo, jirani na soko. Tulikutana pale asubuhi, sisi wapiga picha na mwenye duka, kahawa chungu na kashata, upepo ukitutilia vumbi vikombeni. Jamani, asubuhi zile nazikumbuka hadi leo. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Nilipata kazi nyingi za harusi, maana huko ndani wanakojiachia akina mama mwanamume haingii, nami sikuwa na aibu ya kumwambia bibi wa watu asogee kidogo. Kazi alinifundisha huyo baba mdogo, mdogo wake baba yangu. Alikuwa na mtindo wake: uzi wenye mafundo umefungwa kwenye lenzi. Anamshikisha mteja ncha shavuni, anapapasa fundo, anazungusha lenzi, ndipo anapiga. Mji mzima ukaamini uzi ule ni kinga. Ukimpiga bibi harusi bila uzi, mama yake anakuja juu. Hata mimi ilibidi niwe na wangu, wa geresha tu. Tulicheka sana na nyuzi zile.

Basi gazeti nikalisoma kwa sauti, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa na nafuu, na mabishano yakaanza. Mwenye duka alishaipenda; akasema tuchange tuagize moja ya wote, na lenzi zake. Mpiga picha wa minadani, aliyezunguka na baiskeli mpaka Ikungi na Kinyangiri, akauliza betri ataichajia wapi, kwenye pembe ya ng'ombe? Alipoelewa kwamba lenzi inauzwa mbali na kamera yenyewe, akachoka kabisa. Akasema hajawahi kuona ng'ombe akiuzwa bila kichwa. Na ukibadilisha lenzi kwenye vumbi hili la kwetu, huko ndani kutabaki nini?

Baba mdogo hakuuliza betri wala vumbi. Aliuliza kama lenzi inaweka fokasi yenyewe, picha isitoke na ukungu. Nikamwambia ndiyo. Kesho yake akauliza tena. Siku iliyofuata tena, na mimi subira sina, nikamwambia baba, gazeti halijabadilika tangu jana. Hakukasirika. Aliomba tu nimsomee upya ile sehemu.

Nilikuja kuelewa kwenye harusi moja Ikungi. Tuliingia uani, na kabinti kadogo ka kubeba maua kakasimama mbele yetu kutuamkia. Kabla hakajafungua mdomo, baba mdogo akainama kwa adabu zote, akakaambia shikamoo, mama. Watu wakaangua kicheko, wakasema mzee ana utani. Mimi sikucheka. Kwetu shikamoo si kitu cha kuchezea, na yeye hakuwa mtu wa kuichezea. Nilimtazama macho.

Njiani kurudi alinieleza. Daktari alishamwambia ni presha ya macho; kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka polepole. Nyuso za watu zilikuwa ukungu mtupu. Aliyekaa kwenye kiti studioni alimmudu kwa uzi, mafundo yakimpimia umbali, lakini anayecheza muziki harusini utamshikisha uzi saa ngapi?

"Ikija mapema ile kamera, nitafanya kazi mpaka nichoke mwenyewe," akasema. "Usiwaambie wenzako. Mpiga picha asiyeona, nani atamwita?"

Asubuhi yake benchini nilipigana. Niliwaambia tuagize sasa, leo hii. Wakanishangaa. Yule wa minadani akanikumbusha kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Akaniuliza kwa upole haraka ya kwenda wapi, wakati bei itashuka na itatoka nyingine bora zaidi. Alisema kweli tupu, ndiyo maana iliniuma. Mwenye duka naye akaanza kulegea. Nikamgeukia baba mdogo aseme neno, hata neno moja tu. Akanywa kahawa yake, akasema wengi wape, tusubiri. Siku ile nilimkasirikia, niliondoka bila kumuaga.

Tukasubiri. Bei ikashuka kweli, kama alivyosema mtu wa minadani, na mwenye duka akaileta, na lenzi yake, safi kabisa, inanukia upya. Lakini studio ilikuwa imeshafungwa. Nikaiazima, nikaenda nayo nyumbani kwa baba mdogo.

Nilimkuta uani, mama mdogo anaanika alizeti kwenye turubai. Nilimwamkia baba mdogo, nikamwekea kamera mikononi. Aliipapasa yote, taratibu, kila kona, akapata kitufe mwenyewe bila kuonyeshwa. Kisha akamwambia mkewe aseme kitu ili ajue yuko upande gani. Mama mdogo akasema, "Niko hapa, baba." Akaelekeza kamera kwenye sauti. Lenzi ikajizungusha, ikalia kidogo, akapiga.

"Imetoka?" akaniuliza.

Nikaangalia kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Imetoka, tena safi kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga mimi. Kila uzi wa kitenge ulionekana. Mvi zilizochungulia kwenye kilemba, unazihesabu. Na machozi, mashavu yote mawili.

"Imetoka safi sana, baba."

"Haya, niambie. Yukoje?"

"Anacheka," nikasema.

Mama mdogo akajifuta uso kwa pindo la kitenge, akacheka kwa sauti, ili asikie.