Dada Yudita, baba na kioo cha hadubini: safari ya mtafiti wa saratani kutoka Kitandililo

Wakuu, kamwene.

Nina miaka themanini na ushei, wengine mnanijua kutoka jukwaa la kilimo. Leo nawaletea habari ya dada yangu. Sitatia chumvi, maana nilikuwepo.

Enzi za Mwingereza tuliishi Kitandililo. Makambako ilikuwa njia panda tu, maduka machache na malori ya kwenda Njombe au Mbeya. Dada Yudita alikuwa anasoma shule ya misheni, na kwa binti wa Kibena wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Mama akaota uvimbe kwenye titi. Aliuficha mpaka ukapasuka, ndipo akalazwa hospitali ya misheni.

Ukoo ukakaa kikao. Wakasema mama amerogwa, na lawama zikamwangukia jirani yetu mmoja, mjane, aliyewahi kugombana na mama juu ya mpaka wa shamba. Baba alikuwa Mlutheri wa kanisani kila Jumapili, lakini wakuu, mke akiwa anaoza unamwona, katekisimu inasahaulika. Wakakubaliana yule mjane afukuzwe na nyumba yake ichomwe.

Yudita aliomba jambo moja tu: kabla hawajafanya chochote, baba aende naye hospitali. Baba alikubali shingo upande. Tukadandia lori la magome ya miwati, ile miti ya dawa ya kulainishia ngozi, mimi nimebanwa katikati yao kwa baridi.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, si mtu wa maneno mengi. Yudita akamweleza kinachotaka kutokea nyumbani.

Hakuhubiri. Alichukua majimaji ya uvimbe wa mama, akapaka kwenye kioo, akatia rangi. Kisha akamwita baba kwenye hadubini.

Kwanza alimwonyesha chembe za mwili, yaani seli, za mtu mwenye afya, zimejipanga vizuri kama matofali. Halafu za mama. Hizo zilikuwa vurugu tupu, kubwa kwa ndogo, zimepandiana.

Yudita akawa anatafsiri: "Baba, chembe ya mwili ikichakaa hufa, nyingine ikashika nafasi yake. Hizi zinazidi kuzaana tu."

Baba aliinama pale muda mrefu. Alipoinuka alisema kwa Kiswahili, ili na daktari asikie: "Hapa sioni mkono wa mtu."

Tuliporudi baba aliwaeleza ndugu alichokiona, kisha akaenda mwenyewe kwa yule mjane kuomba radhi. Nyumba haikuguswa.

Yudita alibaki hospitalini kumuuguza mama, na mchana alisaidia kambi ya wagonjwa wa ukoma. Huko alimwona mwanamke akiipua chungu cha moto kwa mikono mitupu, wala hakukunja uso. Neva za mikono, yaani mishipa ya fahamu, zilikuwa zimekufa.

Nilipokwenda kuwaona, aliniambia: "Kwa mama chembe zinagoma kufa. Kwa yule neva zinakufa kabla ya wakati. Nani anaamua?"

Mama alifariki kabla ya mvua. Ndugu wakataka Yudita aolewe na mwenye duka wa Makambako. Baba akawajibu kwamba huyu ana kazi, na akamsindikiza yeye mwenyewe kupanda basi la kwenda masomoni Uganda.

Kuanzia hapo maisha yake yote yakawa research. Alianza na saratani, huko Ulaya, baadaye akahamia kwenye neva za ubongo. Wenzake walidhani anatangatanga. Kwake lilikuwa swali moja.

Wengi walichangia jibu, naye akiwemo: chembe ina utaratibu wake wa kujiua. Kwenye saratani mara nyingi utaratibu huo umezimwa. Kwenye baadhi ya magonjwa ya neva umewashwa pasipotakiwa.

Ila kinachonifanya nimvulie kofia ni hiki. Kuna jaribio lake lilisifiwa sana. Akalirudia mwenyewe, likakataa. Akaandika hadharani kwamba alikosea, wakati hakuna aliyekuwa amemshtukia.

Nilimuuliza kama haikumuuma. Akasema, "Iliuma, mdogo wangu. Lakini kuna mgonjwa angepewa dawa isiyofaa kwa sababu ya kosa langu."

Nililojifunza: nyumba ikipata ugonjwa, usikimbilie kutafuta wa kumlaumu. Tafuta kinachomla mgonjwa, na ukikosea sema.

Waliouguza saratani waandike hapa chini, nasoma zote. Na nyie mlioko lab sasa hivi, nielezeni mmefikia wapi. Zamani nilikuwa nampigia simu yeye.