Mashimo ya Milamula

Kila unaponionyesha picha za bustani kwenye simu yako, mwanangu, zile zenye mishubiri na dungusi na mikonge ya mapambo mlangoni, naikumbuka siku moja nilipotaka na mimi nyumba yangu ipendeze. Na kwa kuwa unahamia kwa mumeo Rugera, bora nikusimulie kabla hujashika jembe.

Nilikuwa bibi arusi mpya hapa Bweranyange. Baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali Bukoba, nikakulia kwenye nyumba za serikali. Migomba na kahawa niliijua kwa kula na kunywa tu. Huku nikakuta nyumba iko katikati ya kibanja, shamba la migomba na kahawa, migomba imefika hadi dirishani, na mbele ya mlango hakuna cha kutazama. Niliona aibu ndugu zangu waje wakute hivyo. Nilikuwa na maringo kidogo, usimwambie mtu.

Mama mkwe alipokwenda msibani Bugomora, nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikaokota mawe, nikayapaka chokaa, nikayapanga kando ya njia. Mishubiri nilipewa na akina mama wa kanisani. Nikakosa mimea mirefu ya kusimama pande mbili za mlango. Nikazunguka hadi mwisho wa kibanja, nikaiona: mashina yaliyonyooka, kila moja na kichwa cha majani marefu yanayong'aa, tena imejipanga mstari. Nikadhani imeota yenyewe, nikaing'oa yote na mizizi yake, nikaipanda mlangoni. Mimea iliyojipanga mstari, nani aliipanga? Sikujiuliza hata kidogo.

Jioni ua ulipendeza, siwezi kukudanganya. Mume wangu alipotoka kuchuma kahawa alisimama njiani, mikono kichwani, akaniuliza ile milamula nimeitoa wapi. Nilipomwonyesha akakaa chini palepale.

Ndipo nikaelezwa. Huku kwetu mlamula hupandwa mpakani, mbele ya mashahidi, watu wakishapatana. Baba mkwe na jirani yetu, Mzee Rwegoshora, waligombania ukanda ule wa ardhi mpaka wakaacha kuhudhuria misiba ya wenzao. Wazee wakawapatanisha, milamula ikapandwa. Sasa baba mkwe alikuwa amefariki, na wale wazee wengi wao pia. Kilichobaki kuonyesha mpaka ulipo ni ile mimea, nami nimeipanga mlangoni kama maua ya harusi. Usiku ule sikula. Nilijiona narudishwa Bukoba na sanduku langu, na nyuma yangu ugomvi umeanza upya.

Asubuhi mume wangu alikwenda mwenyewe kumwita Mzee Rwegoshora, asije akasikia kwa watu. Mzee akaja na fimbo yake. Nikapiga magoti, nikampa shikamoo. Akaitikia, akaenda moja kwa moja mpakani, akatazama ardhi muda mrefu.

"Mkamwana," akasema, "mbona hukufukia mashimo?"

"Nilichoka, baba."

"Ungekuwa mchapakazi, leo tungekuwa kwa mwenyekiti wa kijiji."

Kweli, kila shimo lilikuwa wazi pale pale mlamula uliposimama. Mzee akaanza kucheka, mume wangu akacheka, na mimi nikalia kwa jinsi nilivyotuliwa mzigo. Waliitwa majirani washuhudie upya, tukarudisha kila shina lenye mizizi kwenye shimo lake. Kisha mzee akaamuru vichwa vikatwe. Kumbe mlamula haufi kwa kukatwa. Shina huchipua, na kichwa ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu hushika mizizi.

"Hivi panda mlangoni kwako," akaniambia. "Havina kesi."

Mama mkwe aliporudi alikwishasikia yote njiani. Aliyatazama mawe yangu, akaomba nimpangie mengine upande wa jikoni. Nikajua nimesamehewa, na usiku ule nikala vizuri.

Basi panda, mwanangu, sikukatazi. Mimea hiyo ya kwenye simu yako inapendeza na haisumbui kwa maji. Mnyaa tu usiuweke wanapocheza watoto, utomvu wake unaumiza macho. Na katika kibanja ulichokikuta, using'oe kitu kabla hujamuuliza aliyekutangulia kinafanya kazi gani pale. Ukikosea, maana na wewe utakosea, usikimbilie kufukia. Acha shimo wazi, kisha mwite yule unayemwogopa aje alione kwa macho yake.

Mungu akupe ua wa kupendeza na jirani mwenye kucheka. Wanaoingia mlangoni kwako waingie na heri, na wanaotoka watoke wameshiba. Jumapili baada ya ibada pitia hapa na panga. Ile milamula ya mlangoni kwangu imepita paa, tukakukatie vichwa uende navyo Rugera.