Mama Tutakupigia

Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu kazi, na kwa miaka kumi na mmoja aliifanya kwa bidii kubwa sana, kiasi kwamba wengi wao mpaka leo bado wanaitafuta.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Mlango wa kioo uliandikwa kwa rangi ya dhahabu: WATU KWANZA. Chini ya maneno hayo palibandikwa karatasi: USIGONGE, SUBIRI UITWE. Anayesubiri kuitwa alikaa kwenye benchi lililokuwa na miguu mitatu na tofali moja, akiwa na bahasha yake ya kaki mapajani, na akiondoka mtu wa katikati, wa pembeni alipaswa kuruka haraka kabla benchi halijamwangusha. Bosi aliliona benchi lile kama sehemu ya usaili. Alisema linapima wepesi.

Watu wa benchi ndio waliompa jina. Mama Tutakupigia. Kila aliyeingia kwenye chumba chake alitoka na neno hilo, na mama mwenyewe alilitoa vizuri, hilo hatumnyimi. Ukilisema haraka, mtu anashtuka kwamba anafukuzwa. Ukilisema polepole mno, anauliza, "Lini?" Yeye alikuwa ameipata kasi yake hasa: kichwa kinainama kidogo upande, tabasamu linatangulia, kisha, "Tumefurahi kukufahamu. Tutakupigia." Watu waliteremka ngazi wakicheka peke yao. Wengine hawakufika hata chini kabla ya kupiga simu nyumbani kusema mambo yameiva.

Si kwamba alizaliwa hivyo. Mwaka wa kwanza alikuwa na ugonjwa wa kumpigia kila aliyekosa, kumwambia amekosa nini na ajaribu wapi. Bosi alimwita, akamkalisha, akamwonea huruma.

"Ukimwambia mtu kakosa, anafanya nini?"

"Anatafuta kwingine."

"Umeona sasa. Sisi tunataka abaki."

Maana makampuni yanayoleta nafasi hupenda kusikia kwamba wakala ana watu elfu mbili walio tayari, wanaongoja tu filimbi. Mtu aliyeambiwa ukweli hawi tayari tena. Anakwenda kuajiriwa mahali pengine, mtovu wa adabu, na ofisi inapungukiwa. Kwa hiyo walikuwa na faili lililoitwa Akiba, na humo binadamu wazima walipangwa kwa alfabeti, kila mmoja akiamini kwamba jibu lake liko njiani. Yule mama alijifunza. Ukiwa na watoto na kodi ya nyumba, kujifunza hakuchukui muda mrefu.

Alijifunza pia kuandika matangazo. Anatakiwa mpokea wageni, asizidi miaka ishirini na mitano, awe na uzoefu wa miaka kumi, shahada, na leseni ya kuendesha lori.

"Lori la nini kwa mpokea wageni?" aliuliza mara moja, zamani.

"Linapunguza barua," bosi alimjibu.

Mwaka jana bosi alihudhuria semina ya siku tatu hotelini, akarudi na neno jipya: mizania. Kazi na maisha lazima vilingane. Alitundika ukutani picha ya mwanamke aliyefumba macho na kukunja miguu, akiwa ametulia kama mtu asiye na bosi. Jumapili iliyofuata aliwapigia wafanyakazi wote, mmoja mmoja, kuwauliza kama wameiona picha na imewabadilisha vipi. Mama Tutakupigia alipokea simu hiyo akiwa anamsuka binti yake, huku wasifu wa watu kumi na wanne umetandazwa kitandani. Binti naye alikuwa na masikio. Siku hizi akitumwa kuosha vyombo hujibu, "Ombi lako limepokelewa," na vyombo vinalala.

Basi maisha yalikuwa yakienda hivyo, kwa mizania, mpaka unga ulipomwagika upande wa mume. Kiwanda cha rangi alikofanya kazi kilifungwa. Alikuwa amekaa kwenye dirisha la stoo yake miaka kumi na tisa, akijua kila kopo liko rafu gani, na sasa alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja na mikono isiyojua pa kukaa. Aliomba nafasi ya meneja wa ghala kwenye kampuni ya vinywaji, kupitia kwa wakala mwingine, na akaitwa kwenye usaili. Alirudi anang'aa.

"Wamenipenda," alimwambia mkewe, aliyekuwa anakata vitunguu. "Yule msaili kanishika mkono kwa mikono miwili. Kasema watanipigia."

Mkewe aliendelea kukata kitunguu ambacho kilikuwa kimekwisha kukatwa. "Alisema haraka au polepole?"

"Alisema vizuri tu. Kwa kawaida."

Kwa kawaida. Mke alimjua msaili wa wakala huyo na chuo alichosomea, maana walihudhuria mafunzo pamoja. Wenzake walimwita Kipaji, kwa kuwa hakuwahi kusema anatafuta wafanyakazi. Yeye alisaka vipaji, hata kipaji cha kupakua mizigo. Angeweza kumwambia mumewe pale pale. Alijiambia labda Kipaji amebadilika. Watu hubadilika, alijiambia, akaweka sufuria jikoni.

Hapo ndipo simu ya mume ilipokuwa mkubwa wa nyumba. Mume alioga nayo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuning'inizwa kwenye kitasa. Binti alikatazwa kuigusa. Mama mzazi wa mume akipiga kumsalimia mwanawe, hakuulizwa hata mgongo unaendeleaje, aliambiwa, "Mama, nitakutafuta, nataka laini iwe wazi." Siku moja mume aliazima simu ya jirani akajipigia mwenyewe kuhakikisha mtandao upo. Ulikuwepo. Alifanya na mazoezi ya sauti, mke akayasikia kupitia mlango wa bafu: "Haloo, habari za asubuhi, ndiye mwenyewe anayezungumza." Aliisema mara nne, mara ya tatu kwa sauti nzito zaidi.

Na ndani ya nyumba hiyo hiyo, kwenye kiti cha pili, alikaa mtaalamu mwenye miaka kumi na mmoja ya uzoefu wa neno lile. Mtaalamu alikunywa chai yake.

Wiki ya saba, Jumatatu, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Alihitaji mtunza stoo: vitabu, madawati, chaki, mipira. Mshahara ulikuwa wa kawaida lakini kazi ilikuwa ya kudumu. Alikuwa na mtu mwingine pia, kwa hiyo alitaka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

"Nashukuru sana, mwalimu," mume alimwambia. "Ila kuna watu tumeshaongea nao. Nikikubali kwako halafu wakapiga, nitaonekana kigeugeu."

Mwalimu alisema anaelewa, Ijumaa ndiyo mwisho, akaondoka. Mume alirudi ndani akiwa amenyooka mgongo. Alikuwa amelinda ahadi. Kwamba ahadi yenyewe haikuwepo, alilijua mtu mmoja tu chumbani, na mtu huyo aliinuka kwenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Jumatano alimpigia Kipaji.

"Ile nafasi ya meneja wa ghala bado ipo?"

Kipaji alicheka, kicheko cha watu wa fani moja. "Ile? Ilishajazwa, dada yangu. Ilikuwa na mtu hata kabla hatujatangaza."

"Na mliowasaili?"

"Wako akiba."

"Kuna mmoja katoka kiwanda cha rangi."

Akasikia vidole vikigonga kompyuta. "Huyu hapa. Hamsini na moja. Mteja alisema wasizidi arobaini."

"Sasa mlimwita wa nini?"

"Fomu inataka watu watano. Yeye alikuwa wa tano."

"Mpigie basi umwambie amekosa. Anangoja."

Kipaji alikohoa kidogo, kama mtu aliyeombwa achangie harusi ya asiyemjua. Kisha akauliza kwa upole kabisa, bila ubaya wowote, "Dada, kwani wewe huwa unawapigia?"

Alimshukuru, akaweka simu chini.

Alhamisi jioni alijikaza amwambie. Alimkuta mumewe anapiga pasi shati jeupe, la siku ya kuanza kazi, anavyoliita mwenyewe.

"Baba watoto."

"Naam."

Akamtazama anavyozungusha ncha ya pasi kwenye vifungo, taratibu, asije akakiunguza hata kimoja. "Kola imekunjana upande wa kushoto," alisema.

"Ahsante, mke wangu. Nisingeiona."

Usiku huo wote wawili walilala, mmoja kwa sababu alikuwa na matumaini, mwingine kwa kujifanya.

Ijumaa saa nne, benchi limejaa, alifunga mlango wa chumba chake na kuvuta simu ya mezani. Nyumbani mdomo ulikuwa umemgomea, lakini mahali hapa, kwenye kiti hiki, alikuwa amewaambia watu mambo makubwa zaidi bila kupepesa jicho. Labda ulimi wake ulikuwa mwajiriwa wa ofisi. Bosi alipita, akamwona kupitia kioo ameshika mkono wa simu, akamwinulia kidole gumba. Alipenda sana wafanyakazi wanaoonekana wanapiga simu.

Hakuwa amefikiri kwamba namba ile ingetokea ngeni. Mumewe aliizoea ya mkononi. Simu ililia mara moja tu, na kabla ya sauti alisikia kiti kikisukumwa nyuma. Mume alikuwa amesimama.

"Haloo, habari za asubuhi. Ndiye mwenyewe anayezungumza."

Ilikuwa ile nzito.

"Ni mimi," alisema. "Mkeo."

"Ah." Pumzi ilimtoka. "Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Kaa."

"Nimekaa," alisema, na kiti hakikusikika.

Mke akashika ukingo wa meza. "Nakupigia kuhusu nafasi ya meneja wa ghala. Hukupata. Nafasi ilikuwa na mtu kabla hujapanda ngazi zao. Walikuita kwa sababu walihitaji mtu wa tano, na umri wako waliukataa kabla hawajakuona. Hukukosea jibu hata moja. Mimi nimejua kwa hakika tangu Jumatano. Na moyoni nilijua tangu siku ile uliporudi."

Upande wa pili alisikia redio ya jirani kwa mbali, mtu anasoma bei za mazao.

"Wiki saba," mume alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Neno hilo unalijua vizuri kuliko mtu yeyote, na ulikuwa unaniangalia naoga na simu."

"Nilikuwa naangalia."

"Ukaona nini?"

"Niliogopa kukuvunja moyo," alisema, na alipoisikia sababu yake hewani aliona ilivyo ndogo. Ni ile ile aliyokuwa akijipa miaka yote kwa watu wa benchi.

Mume hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. "Miaka kumi na tisa nimekaa dirishani," alisema. "Fundi anakuja, anataka brashi. Rafu naiona tupu. Namwambia hakuna. Ananitukana, anaondoka, anakwenda kutafuta pengine. Sijawahi kumwambia mtu akae angoje kitu ambacho mimi naona hakipo. Hata yule aliyekuwa ananitukana kila siku."

Mke alitaka kusema samahani, akasema. Ilikuwa samahani ya kweli, na haikutosha, na wote wawili walilijua hilo.

"Saa ngapi sasa?" mume aliuliza.

"Saa nne na robo."

"Mwalimu alisema saa sita."

"Ndiyo. Bado unawahi."

"Ngoja nitafute viatu."

Akasikia kabati likifunguliwa, viatu vikiangushwa sakafuni kimoja kimoja. Hakuwa amekata. Aliporudi kwenye simu alikuwa anahema kidogo, kama mtu aliyeinama kufunga kamba.

"Leo umewapigia wangapi?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Na kwenye hilo faili lenu wamo wangapi?"

Hakuhitaji kulifungua. Bosi aliitaja idadi hiyo kwa wateja kila wiki, kwa fahari. "Elfu mbili na mia moja."

Mume alivuta pumzi, akaitoa.

"Basi kata simu, mama watoto," alisema. "Wenzangu wanangoja."