Harufu Niliyoisikia Nikanyamaza

Juzi nilikuwa kwa binti yangu, pale Bagara. Tangu mkoa uje na maofisi yake watu wameleta Babati vitu ambavyo hatukuvijua, na yeye ana mashine ya kukaushia nguo. Nimekaa na chai yangu, nikasikia kitu kinaungua.

"Ndivyo inavyonukaga, Bibi," mjukuu wangu akasema, macho kwenye simu. "Ikipata moto inanuka kidogo."

"Zima."

"Jamani! Zimebaki dakika kumi tu."

"Zima, au nilete mchi niivunje."

Akazima, akachomoa waya huku ananicheka. Fundi alipokuja kuifungua, akatoa nyuma donge la manyoya ya nguo, kubwa kama ngumi, upande mmoja limeshakuwa jeusi. Mjukuu akaacha kucheka. Akaniuliza nimejuaje, mimi ambaye hata kuiwasha siwezi. Nikamwomba anipashie chai. Wewe nitakueleza.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Tulikaa Nangara, enzi hizo ni mashamba ya mahindi na nyumba mojamoja. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, hata kitovu hakijapona, na mvua haikatiki. Kwetu nguo za kichanga hazikuanikwa nje. Bibi alisema macho ya watu yatazipata. Zilikaushwa chumbani kwa mzazi. Jiko la mkaa linawekwa chini, linafunikwa tenga, na juu ya tenga vinatandazwa vitambaa vya mtoto. Sabuni ya mche, moshi kidogo, mvua inapiga bati, uji wa mzazi unachemka. Niliipenda nyumba yetu siku zile kuliko siku zote.

Kugeuza vitambaa ilikuwa kazi ya bibi. Siku hiyo mchana alikwenda kwa jirani kutafuta maziwa. Akaniambia, "Mama yako amelala, usimwamshe. Wewe angalia maharage. Yakiungua utanitambua." Fimbo yake niliijua vizuri.

Mimi nikakaa nje nachezea maji ya bati. Harufu ya kuungua ikanijia, nikajua ni maharage. Nikakimbilia jikoni, kibanda cha nyuma, nikamimina maji, nikakoroga mpaka chini. Hayakuwa yameshika. Harufu ikazidi. Badala ya kutafuta inatoka wapi, nikapepea mlangoni kwa kanga ili bibi akirudi asiisikie. Hicho ndicho nilichofanya. Nilipepea.

Jirani, akija na bibi na maziwa, ndiye aliyeona moshi kwenye dirisha la mama. Akatupa kibuyu, akavunja mlango. Mama alitoka anakohoa, mikono imeungua kwa kung'ang'ana na lile tenga. Mtoto alikuwa amelazwa karibu na jiko apate joto. Walimtoa pia. Hakulia.

Bibi akanishika bega. "Wewe hukusikia harufu?"

"Sikusikia, Bibi."

Hakunichapa. Nilisubiri siku nzima anichape.

Nyumba ile haipo, zimejengwa fremu za maduka. Palipozikwa mtoto sipajui tena, labda kuna mtu anauzia hapo vocha. Bibi hayupo, jirani hayupo. Matenga siku hizi ni ya kubebea nyanya, na wazazi wa sasa wananunua nepi za kutupa. Ni vizuri. Lakini harufu ile ya sabuni na mkaa, kabla haijaharibika, sijaikuta tena popote.

Mama aliishi mpaka akawa mzee. Mchana hakulala tena, hata akiugua. Anakaa ameegemea ukuta, macho wazi. Wageni wakimwambia, "Mama, si ujilaze kidogo?" anawajibu, "Usingizi wangu ndio uliomuua mwanangu." Alilisema hilo mbele yangu mara nyingi, mimi nipo hapohapo nachambua mboga, na kila mara niliendelea kuchambua.