Picha Isiyo na Pointi

Verna ana shemeji, daktari ambaye kazi yake ni kusoma picha za eksirei katika hospitali moja ya Ohio. Hukaa katika chumba chenye giza hata saa nne asubuhi, kinasa sauti mkononi, na kila sentensi huifunga kwa kuitamka alama yake: "Mapafu ni safi, nukta." Kabla ya kufungua picha hufuta miwani kwa ncha ya tai, ingawa tai yenyewe ndiyo yenye mafuta ya chakula. Kila picha anayosoma ina pointi zake, na Verna, karani wa malipo hospitalini humo, hukadiria mshahara wa shemeji yake kwa kuzijumlisha. Tangu wamzike Lorene, mke wa daktari na dada yake Verna, pointi zilikuwa zimeporomoka. Asubuhi moja Verna alikwenda kumwonya.

"Shemeji, ukiendelea hivi watakukata mshahara. Unafanya nini humu, unalala?"

"Ningelala ungenisikia. Dada yako alisema nikikoroma ukuta unatikisika."

Kwenye skrini kulikuwa na picha ya kifua, jina la Lorene pembeni. Ilikwishasomwa miaka mingi nyuma; haikuwa na pointi hata moja. Daktari aliinua kinasa sauti bila kukiwasha. "Moyo ni wa kawaida," alisema taratibu, kidole kikifuata ukingo wake mweupe. Nukta hakuitamka.

Verna alimshukuru Mungu kwamba kuna mahali moyo ule bado unaonekana, akavuta kiti. "Nisomee tena, shemeji."