Chai ya Mama, Mkwe Mlangoni

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa biolojia Kitale, mimba yangu ya kwanza imepitisha siku zake, na kila mtu alikuwa na ushauri. Mama alifunga safari kutoka Bungoma aje kunitunza. Nilijaribu kumweleza jinsi mfuko wa uzazi unavyofanya kazi: kwamba ni umeme mdogo unaouamrisha ujikaze. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ati stima? Tumboni? Na swichi iko wapi, mwalimu?"

Sikuwa na nguvu za kubishana. Kesho yake uchungu ulianza, lakini ulikuja kwa kusuasua, na mume wangu akanipeleka kwenye kliniki ndogo ya uzazi. Nesi alinipima akasema tungoje; mambo yakikawia ataniwekea dripu ya kuongeza uchungu. Mama akanimiminia chai kutoka kwenye thamosi yake. Ilikuwa kali, nikadhani ni majani mengi. Nikainywa yote.

Lo! Haukupita muda, tumbo likakaza na kukataa kuachia. Hapo ndipo masomo yangu mwenyewe yalipoanza kunitisha. Kila seli ya msuli ule ina vijilango kwenye utando wake. Vikifunguka, kalsiamu huingia, umeme huruka kutoka seli moja hadi jirani yake, na mfuko wote hujikaza. Kisha vijilango vingine huitoa potasiamu nje, seli zinatulia, na mtoto anapata damu na hewa. Mimi huo utulivu sikuuona. Kitu fulani kilikuwa kinavilazimisha vijilango vile, na nesi ndiye huyo anakuja na dripu ya kuvilazimisha zaidi.

"Sista, haliachii hili tumbo. Muulize mama yangu ameweka nini kwenye chai."

"Chai ni chai, mwalimu. Mimba ya kwanza ndivyo ilivyo." Akaendelea kutafuta mshipa.

Mama mwenyewe alikuwa ametoka kukaa pale pale barazani, lakini mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawapishani mlangoni, sembuse kuzungumzia tumbo la mke mbele yake. Siku nyingine zote desturi hiyo hainisumbui.

"Wewe, ondoka hapo mama aingie!"

"Nitapitia wapi? Njia ni hii moja tu, na mama yuko pale." Mwanamume mzima, ameugeukia ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Si upite tu!"

"Siwezi, bana."

Mungu wangu! Mtoto anakosa hewa, na hawa wawili wanaheshimiana! Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika mji wa jirani, Moi's Bridge. "Mama! Umeniwekea nini kwenye chai? Mtoto atakufa!"

Kisha nikamwona mama, amejifunika leso mpaka machoni, ameinama, anajipenyeza kati ya mkwewe na mlango. Bega lake liligusa koti la mume wangu. Naye akafumba macho.

"Hiyo dripu usimwekee," mama akamwambia nesi kwa sauti ndogo. "Nilimpa miti shamba ya kufungua njia." Akageuka, akatoka vile vile alivyoingia, bila kunitazama.

Nesi aliiweka dripu kando. Akanilaza kwa ubavu wa kushoto, akamwita daktari, tukangoja mpaka tumbo likaanza kuachia kidogo kidogo. Mtoto alitoka jioni, hoi, rangi imemtoka. Nesi akamsugua mgongo, akamsugua tena, ndipo akalia. Nami nikalia. Mama nilikuwa nimemkasirikia si kidogo, hotuba nzima nilikuwa nayo tayari kinywani, lakini nilitaka aje amshike mjukuu wake.

Nikamtuma nesi amwite. Akarudi peke yake, amebana kicheko.

"Anauliza kama bwana bado yuko mlangoni."

Nikatazama. Alikuwepo, anajipangusa macho kwa tai.

"Mwambie yuko."

Nesi akaenda, akarudi. Safari hii hakuwa anacheka.

"Anasema kilio cha mtoto amekisikia, kinamtosha. Atamwona kesho."